Duma: Albamu ya Kelele na Haki ya Kusikilizwa

Ukisimama juu ya vilima vya Nkanka, Ziwa Kivu limetandaa chini yako na ng'ambo yake ni Kongo. Hapa Rusizi nyumbani twazungumza Kinyarwanda, na sokoni twakutana na Kiswahili cha Bukavu. Unajua basi kwamba neno likivuka mpaka, huweza kubadili maana. Leo tuitazame historia fupi ya albamu moja inayotufundisha jambo hilo, na kutufundisha uraia pia.

Usikiapo neno "duma", utamfikiria mnyama wa mbugani aliye hodari wa mbio. Vijana wawili wa Kenya, Martin Kanja, aitwaye pia Lord Spikeheart, na Sam Karugu, walilitoa jina la bendi yao katika Kikuyu, ambako lina maana ya giza. Wote wawili walitokea katika metali, ule muziki wa roki ulio mzito na mkali kupita mingine: Kanja katika bendi ya Lust of a Dying Breed, Karugu katika Seeds of Datura. Mwaka 2019 walirekodi albamu yao jijini Kampala, katika studio ya Nyege Nyege. Ilitolewa Agosti 2020, ikiwa na nyimbo 9 na jina lile lile la bendi.

Usitarajie kiitikio cha kuimba pamoja na wenzako. Utakutana na midundo ya kompyuta iendayo kwa kasi ya kutisha, gitaa lililozama katika mngurumo wa mitambo, na sauti ya Kanja ikipasua yote hayo kwa mayowe. Nakiri kwamba mara ya kwanza niliizima kabla haijafika nusu. Niliporudi kuisikiliza, nilitambua kuwa fujo ile imepangwa kwa uangalifu.

Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliipokea kwa sifa. Baadaye Sub Pop, kampuni ya Seattle iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ilitoa nyimbo za Duma pia. Lakini tuwe waangalifu na sifa za mbali. Anayestaajabu kwamba Mwafrika anapiga metali bado hajausikiliza muziki wenyewe. Amestaajabia pasipoti ya mpigaji. Na jirani anayeuita muziki huo wa shetani kabla ya kuusikia, naye amehukumu bila ushahidi. Wote wawili wana kosa moja.

Tazama tena jina la Nyege Nyege, ambalo pia ni la tamasha kubwa la muziki nchini Uganda. Waandaaji wake hueleza kwamba kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Kamusi ya Kiswahili itakuambia kuwa nyege ni ashiki. Septemba 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alilipiga marufuku tamasha hilo kwa madai ya uasherati, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Sisemi kwamba jina ndilo lililoleta marufuku. Nasema tu kwamba ni rahisi kumhukumu mtu kwa maana ambayo si yake.

Hapa ndipo uraia unapoingia. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ibara hiyo hiyo inaweka mipaka: hailindi uchochezi wa vurugu wala kauli za chuki. Haikusema kwamba sanaa sharti iwe tamu masikioni.

Mwaka 2024 Kanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept. Yeye ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa cha kijeshi katika vita vya Mau Mau. Huenda mayowe yale, basi, yana ukoo mrefu kuliko tulivyodhani.

Maswali ya kutafakari:
1. Taja neno moja la Kiswahili lenye maana tofauti katika lugha yako ya nyumbani.
2. Je, ni lini jamii ina haki ya kuizuia sanaa, na nani aamue?