Mlango wa Kutokea

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ilikuwa na daftari, na aliyeliandika ni mimi. Ndiyo maana lawama hii siwezi kumtwika mwingine.

Mwaka 1978 tulikuwa walimu wanne vijana. Tulichanga fedha tukanunua nyumba ya vyumba sita Vingunguti, kwa mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwao Rufiji. Balozi wa nyumba kumi alishuhudia. Hati niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: tumenunua nyumba na minazi mitatu, kila mmoja ana robo. Kiwanja sikukitaja.

Msomaji kijana huenda akashangaa. Sheria ya ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 iliifanya karibu ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Serikali ya Mwalimu Nyerere ikafuta na ile milki ya kudumu ya wachache. Mwananchi alibaki na haki ya kuitumia ardhi. Alichoweza kuuza ni jasho lake: ukuta, bati, mnazi. Ilipokuja Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndipo ardhi tupu nayo ilipotambuliwa kuwa na thamani. Kwa miaka yote hiyo, watu wa mitaa isiyopimwa waliuziana kwa karatasi kama yangu.

Kwa hiyo kosa langu si kiwanja. Kosa langu ni kwamba sikuandika mtu akitaka kujitoa afanyeje. Tulikuwa marafiki, nani angeuliza swali hilo siku ya furaha?

Miaka ikapita. Wenzangu wawili walifariki, robo zao zikagawanyika kwa warithi kumi na mmoja. Zilipoletwa leseni za makazi, ile ya nyumba yetu iliandikwa jina la mjane wa mmoja wao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiishi humo. Hakuna aliyepinga.

Kisha mke wangu akaugua macho, nami nikataka kuuza robo yangu. Dalali alileta wateja watatu. Kila mmoja aliuliza robo yangu ni chumba kipi, nikakosa jibu. Safari ya nne nilikuta ukutani maandishi ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Yaliandikwa na watoto niliowabeba mgongoni.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Ulaya watu walinunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba za mapumziko, wakaona kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi. Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya uliagiza mnunuzi apewe siku 10 za kughairi. Sisi hatukujiwekea hata siku moja.

Sheria inaniruhusu kuomba nyumba igawanywe au iuzwe kwa amri. Nilifika hadi mlangoni pa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikarudi. Nyumba ikiuzwa, yule mjane atakwenda wapi? Badala yake niliita kikao chini ya mnazi mmoja uliobaki. Nilianza kwa kuwaomba radhi kwa karatasi yangu mbovu. Baada ya hapo walinisikiliza.

Tulikubaliana hivi: kodi ya vyumba viwili ije kwangu mpaka thamani ya robo yangu itimie; na kuanzia sasa anayetaka kujitoa awape wenzake nafasi ya kwanza, kwa bei ya mthamini. Wote walitia sahihi. Fedha za kodi huja kidogo kidogo, na jicho moja la mke wangu halikungoja.

Kwa miaka mingi nilifundisha walimu kuandaa somo mpaka hitimisho. Hati ile niliiandika utangulizi tu. Nawe unayetaka kununua kitu kwa ubia, na mtu umpendaye hasa, andikeni kwanza mlango wa kutokea, wakati bado mnacheka pamoja.