Undugu ni Kufaana: Watoto wa Save katika Nchi ya Baba Zao



Sisi wa ukoo huu tumetawanyika kutoka Bukavu na Bujumbura hadi Kigoma, Nairobi, Montreal na hapa Brussels. Kamati ya maandalizi imeniomba niandike habari za tawi lile la ukoo wetu lililotokana na bibi yetu na Mbelgiji aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara huko Kivu. Vijana wengi wamekuwa wakiniuliza swali moja: ilikuwaje mjomba na mama mdogo waishi miaka zaidi ya thelathini nchini Ubelgiji, nchi iliyo ndogo kuliko mkoa wa Kigoma, bila kuonana? Na ilikuwaje hatimaye wakaonana? Maswali hayo hayawezi kujibiwa bila kueleza historia. Nitajitahidi kuieleza kwa ufupi, nikichanganya yale yaliyothibitishwa na watafiti na yale niliyoyaona mwenyewe tangu nilipohamia mji huu mwaka 1991.

WATOTO WALIOTENGWA

Ubelgiji iliitawala Kongo kuanzia mwaka 1908, na katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, iliziteka Rwanda na Burundi kutoka kwa Wajerumani. Watumishi wa serikali, wafanyabiashara na mafundi wa Kibelgiji walikuja, wengi wao bila wake, wakaishi na wanawake wenyeji. Watoto waliozaliwa waliitwa kwa Kifaransa cha wakati ule «mulâtres», neno ambalo asili yake ni jina la nyumbu, mnyama azaliwaye na punda na farasi. Wenyewe siku hizi hujiita Métis. Mimi katika makala haya nitatumia neno letu chotara, na ninalitumia kwa heshima.

Utawala wa kikoloni ulijengwa juu ya mpaka kati ya mweupe na mweusi. Chotara alikuwa amesimama juu ya mpaka huo, na kwa sababu hiyo aliogopwa. Wakubwa walihofia kwamba watoto hao wakikua wangeweza siku moja kuongoza uasi, na waliona aibu kwamba damu yao ilikuwa ikilelewa vijijini. Tangu enzi za Mfalme Leopold II, mwaka 1890, ilikuwapo amri iliyoipa serikali ulezi wa watoto waliohesabiwa kuwa yatima au walioachwa. Kwa kutumia mamlaka ya namna hiyo, mtoto aliyekuwa na mama yake hai, anayemnyonyesha na kumlea, aliweza kuandikwa kuwa ametelekezwa, kisha akachukuliwa na kupelekwa misheni.

Misheni hizo zilikuwa kadhaa. Katika Kasai kulikuwa na Katende. Kwa watoto wa Rwanda, Burundi na baadhi ya wale wa Kivu, mahali palipojulikana zaidi palikuwa Save, karibu na mji wa Astrida ambao baadaye uliitwa Butare na leo ni Huye. Save ni misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1900, na huko Masista Weupe walikuwa na nyumba ya kulelea watoto machotara.

Huko ndiko alikopelekwa mama yangu mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka mitano. Wakafuata mdogo wake wa kiume na mdogo wake wa kike. Bibi yetu alitembea mara mbili kutoka Kivu kwenda kuwatazama. Nakumbuka mama akisema kwamba walikaa na bibi kwenye benchi mbele ya sista, nao hawakujua wamwambie nini. Mama aliolewa mwaka 1956 na kwenda Usumbura, ndiyo maana hakuwamo katika msafara uliofuata.

NCHI YA BABA BILA BABA

Ghasia zilipolipuka Rwanda mnamo Novemba 1959 na uhuru ukawa unakaribia, wakuu wa Save walishikilia kwamba watoto wapelekwe Ubelgiji. Kati ya 1959 na 1962 watoto wapatao 300 walisafirishwa kwa ndege. Mama wengi hawakuelewa maana ya safari hiyo. Wengine walidhani watoto wanakwenda masomoni na kwamba watarudi. Mjomba aliondoka mwaka 1960 akiwa na miaka kumi na miwili, na mama mdogo akiwa na miaka tisa. Waliketi pamoja ndani ya ndege. Siku chache baada ya kushuka walitenganishwa: mmoja alipelekwa kwa watu wanaosema Kifaransa katika upande wa Wallonia, mwingine kwa familia ya wakulima katika Flandria ya Magharibi, wanakosema Kiholanzi. Mama mdogo alipewa jina jipya.

Hapa naomba vijana wasome polepole. Kwa desturi za watu wa Rwanda, Burundi na Kivu, mtoto hufuata ukoo wa baba. Kwa kipimo hicho watoto wale walikuwa wamerudishwa kwao, katika nchi ya baba zao. Lakini baba wengi hawakuwa wamewatambua kisheria, na waliowafahamu wengi wao walikuwa na wake na watoto wasiotaka kusikia habari hizo. Mjomba alipokuwa na miaka ishirini na mitano aliipata anwani ya babu yetu. Aliandika barua tatu. Hakujibiwa hata moja. Wapo waliopata wazazi wa kambo wenye upendo wa kweli, na si haki kuwasahau; wapo pia waliotumikishwa shambani. Wote walikuwa na shida moja: wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na baadhi yao baada ya uhuru wa makoloni walijikuta hawana uraia wowote.

JINSI WALIVYOTAMBUANA

Brussels palikuwa mahali pa kawaida pa watu wa Afrika kukutania tangu zamani. Mwaka 1919 Paul Panda Farnana, Mkongo aliyeletwa Ubelgiji akiwa mtoto na aliyepigana upande wa Ubelgiji katika vita vya 1914, alianzisha Union Congolaise ili kuwasaidia Wakongo wenzake waliokuwa huku. Mwaka 1961 Maison Africaine ilifunguliwa katika Ixelles kwa ajili ya wanafunzi kutoka Afrika, na pembeni yake, karibu na Porte de Namur, polepole likaota eneo lenye maduka na saluni ambalo watu walilipa jina la Matonge, kwa kukumbuka mtaa wa Kinshasa.

Mjomba alihamia Ixelles mwaka 1968 kutafuta kazi. Alinieleza kwamba chotara wawili wakipishana barabarani walitazamana, na mmoja akiwa na ujasiri aliuliza: «Ulikuwa Save?» Jibu likiwa ndiyo, walikwenda kunywa kahawa. Ndivyo alivyowapata watu sita, kisha kumi. Jumapili moja kila mwezi walikutana jikoni kwa mmoja wao, wakapika maharage na ndizi kwa kukisia, kwa kuwa hapakuwa na mzee wa kuwaelekeza, na kila mmoja akataja majina anayoyakumbuka: nani alilala kitanda gani, nani alikuwa na ndugu, nani alipelekwa wapi.

Msidhani kwamba kufanana kwa sura kulitosha. Nilipojiunga nao nilikuta wapo waliogombana na hawasemezani. Wapo waliokuja mara moja wakasema hawataki kufukua mambo ya kale. Wenye Kiholanzi waliona wenye Kifaransa wanajisikia, na hao nao wakalalamika vivyo hivyo. Wahenga walisema undugu ni kufaana na si kufanana, na kwa hawa niliona maana ya methali hiyo kwa macho yangu. Waliodumu katika urafiki ni wale waliokuwa na kazi ya kufanyiana.

Kazi kubwa ilikuwa ya karatasi. Kuanzia mwaka 1995 hadi nilipostaafu nilikuwa karani katika manispaa mojawapo kati ya 19 za Brussels, katika ofisi inayoandikisha uzazi, ndoa na vifo. Nilimwona mtu mzima wa miaka hamsini amesimama mbele ya dirisha langu, anataka kufunga ndoa, naye hana karatasi inayothibitisha kwamba alizaliwa. Sikuwa na uwezo wa kumpa cheti kisichokuwapo, lakini niliweza kumweleza njia. Kwa sheria ya wakati ule hakimu aliweza kutoa hati badala ya cheti cha kuzaliwa, akitegemea maneno ya mashahidi. Na ni shahidi gani angepatikana Ubelgiji? Si baba, si mama, bali yule aliyelala kitanda cha jirani kule Save. Rafiki alisimama mbele ya hakimu akasema: namfahamu huyu, jina lake ni hili, tulikuwa pamoja tangu utotoni.

Kwa njia hiyo hiyo mama mdogo alipatikana. Mwaka 1997, katika mkutano wa Jumapili, bibi mmoja aliyelelewa Flandria alisema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipelekeana kadi za mwaka mpya na mwenzake aliyechukuliwa na wakulima, na kwamba mwenzake huyo jina lake la Save lilikuwa lingine. Alipolitaja, mjomba alinyamaza. Jumamosi iliyofuata tulipanda treni, sisi watatu. Mwaka 1999, baada ya vikwazo dhidi ya Burundi kuondolewa, mama naye alikuja. Mama alikuwa na Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Mama mdogo alikuwa na Kiholanzi na Kifaransa kidogo mno. Yule bibi rafiki alikaa katikati yao siku nne akifasiri. Tangu hapo watoto wetu humwita mama mkubwa, na katika orodha ya ukoo iliyomo katika kijitabu hiki nimeomba jina lake liandikwe.

KUTOKA JIKONI HADI BUNGENI

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 2000 Georges Kamanayo, mmoja wa waliotoka Rwanda, alitoa filamu «Kazungu, le métis» kuhusu maisha na asili yake. Mwaka 2014 Assumani Budagwa, mhandisi aliyezaliwa Kongo, alichapisha kitabu kinene juu ya jinsi Ubelgiji ilivyowatenga machotara, tunda la utafiti wa miaka mingi. Katika miaka hiyo makundi madogo yaliungana wakapata chama chenye wasemao Kifaransa na Kiholanzi pamoja. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017. Tarehe 29 Machi 2018 Bunge lilipitisha azimio, na tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya dola, machotara wenyewe wakiwa wamekaa juu katika viti vya wageni.

Kisha wakaja akina mama watano waliolelewa pamoja Katende: Léa Tavares Mujinga, Monique Bintu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Waliishtaki dola mwaka 2020 na wakashindwa mwaka 2021. Hawakukata tamaa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua kutoka kwa mama zao kabla hawajafikia miaka saba, kwa sababu tu ya asili yao, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Waliotoka utotoni pamoja walizeeka pamoja, wakaingia mahakamani pamoja.

MAMBO YALIYOSALIA

Mjomba alifariki mwaka 2021. Hukumu hiyo hakuiona. Mama mdogo yu hai, ana zaidi ya miaka sabini, na rafiki yake yule wa kadi bado humtembelea. Kutokana na azimio la 2018, Hazina ya Nyaraka ya Taifa hapa Brussels ilianza kutafuta habari za machotara katika majalada ya kikoloni, na mhusika au mtoto wake anaweza kuomba kuonyeshwa jalada lake. Nimeomba majalada matatu ya kwetu. Mawili yamepatikana. Ndani ya moja mna ukurasa unaosema bibi yetu alikubali kuwatoa watoto, na chini yake hakuna hata alama ya kidole.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, aliye na picha ya bibi, hata iliyochakaa, ainakili na kuileta mkutanoni. Pili, wazee mliobaki Bukavu, najua hali ilivyo tangu Februari 2025, lakini ninyi ndio mnaojua kaburi lake lilipo. Andikeni mahali penyewe, jina la mtaa na majirani, kabla anayejua hajaondoka. Mama mdogo anauliza kila mwaka, nami sina jibu la kumpa. Tatu, vijana mnaoishi Ulaya, watembeleeni wazee hawa wa Save, hata wasio wa ukoo wetu. Wao ndio waliotushuhudia mbele ya hakimu wakati karatasi zetu hazikuwapo, na wengi wao hawana mtoto wa kuwabishia mlango.