Banda la Karatasi Lililosanifiwa Kuanzia Siku ya Kubomolewa

Mabanda ya maonyesho makubwa ya dunia yana tabia ya kujengwa kama majumba ya kifalme na kuvunjwa kabla rangi haijachakaa. Japani ilipojiandaa kwenda Hannover, Ujerumani, kwa maonyesho ya mwaka 2000, ilimkabidhi kazi msanifu majengo Shigeru Ban. Yeye alianza na swali ambalo wenzake wengi huliacha mwisho: siku milango ikifungwa, vitu vyote hivi vitapelekwa wapi?

Swali hilo lilikuwa kichwani mwake tangu 1986, alipotengeneza ukumbi wa maonyesho ya kazi za Alvar Aalto, msanifu wa Finland aliyesifika kwa ustadi wake wa kutumia mbao. Ban naye alitaka mbao, lakini fedha hazikutosha, na hakuona haki kukata miti kwa ajili ya kitu cha kutazamwa kwa muda mfupi kisha kitupwe. Akageukia mirija ya karatasi ngumu, ile ambayo wauza vitambaa huviringia majora yao. Ni taka, tena ya bei poa. Alipoipima aliona inabeba uzito mkubwa kuliko alivyotarajia.

Hapo historia inapita kwetu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipojaa kwenye kambi, Umoja wa Mataifa uliwagawia maturubai, nao wakakata miti kupata nguzo za kuyasimamisha. Vilima vikaanza kubaki vipara. Walipopewa nguzo za alumini, wakaziuza na kurudi msituni, na sijui nani angewalaumu: mwenye njaa hawezi kulala juu ya fedha. Ban alipeleka wazo lake Geneva, kwenye shirika la wakimbizi, kwamba nguzo ziwe za karatasi, kitu ambacho hakina soko. Majaribio yaliendelea hadi 1999, ambapo vibanda 50 vilijengwa katika kambi ya Byumba, kaskazini mwa Rwanda.

Kwa hiyo aliyefika Hannover alikuwa mtu aliyekwisha kuijaribu karatasi kwenye shida halisi. Alishirikiana na Frei Otto, mzee wa Kijerumani aliyetumia maisha yake kujenga vitu vyepesi. Banda lao lilikuwa handaki refu lenye mawimbi, urefu wa karibu meta 74 na upana wa meta 25. Kiunzi chake kilikuwa wavu wa mirija ya karatasi yenye kipenyo cha karibu sentimeta 12. Mafundi walilaza wavu mzima chini, kisha wakauinua taratibu kutokea chini hadi ukajikunja na kuwa paa. Penye makutano mirija ilifungwa kwa mikanda ya kitambaa, ili iweze kujizungusha kidogo wakati wavu unapinda. Chuma kilichokaza pale kingeivunja.

Msingi ndio unaonivutia zaidi, ingawa wageni hawakuuona. Zege halirudi kuwa mchanga na saruji. Ukishalimwaga umeliacha hapo, au utalivunja kwa nyundo na kulipa lori la kubeba kifusi. Ban alitumia masanduku ya chuma na mbao yaliyojazwa mchanga. Kazi ikiisha, mchanga unamwagwa na sanduku linakwenda kwingine.

Hakupata kila alichotaka. Wakaguzi wa Ujerumani hawakuwa na sheria ya kupimia nyumba ya karatasi, kwa hiyo wavu uliongezewa matao ya mbao. Paa la karatasi isiyopenyeza maji wala kushika moto nalo likafunikwa kwa turubai la plastiki, kitu alichokuwa akikikwepa kwa makusudi. Ukitazama picha za banda hilo, kumbuka kwamba sehemu ya unachokiona ni mhuri wa ofisi ya vibali.

Katika uwanja huohuo Peter Zumthor aliijengea Uswisi banda la mbao mbichi zilizopangwa safu juu ya safu bila gundi wala misumari, zikabanwa kwa vyuma na springi. Baada ya maonyesho ziliuzwa, zikiwa zimekauka vizuri. Uholanzi nayo ilijenga ghorofa lenye msitu katikati, likihubiri jinsi ya kuokoa ardhi. Ghorofa hilo lilibaki gofu kwa miaka mingi.

Wazo la kusanifu jengo kuanzia siku ya kulivunja lilikuwa la zamani. London 1851, Joseph Paxton aliruhusiwa kujenga Jumba la Kioo ndani ya bustani ya Hyde Park kwa sharti kwamba bustani irudishwe ilivyokuwa. Akaagiza vioo na nguzo za vipimo vinavyofanana, vyote vya kufungwa na kufunguliwa. Mbao za ua uliozungushiwa eneo la ujenzi ziligeuzwa kuwa sakafu. Baadaye jumba zima lilifunguliwa likahamishiwa Sydenham, likasimama hadi moto wa 1936. Karne iliyofuata, zege lilipokuwa rahisi, wajenzi wakasahau.

Banda la Hannover lilifungwa Oktoba 2000 na mirija yake ikachakatwa kuwa karatasi tena. Lakini kazi ya Ban iliyodumu kuliko alivyopanga ni nyingine. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, yeye na watu wa kujitolea walisimamisha kanisa la muda lenye nguzo 58 za karatasi, kwa waumini ambao wengi wao walikuwa wakimbizi wa Vietnam. Lilikaa miaka kumi. Mwaka 2005 lilifumuliwa kipande kwa kipande na kupelekwa Taiwan, katika kijiji cha Taomi, eneo lililopigwa na tetemeko la mwaka 1999. Huko lilifunguliwa rasmi 2008, na watu hulipa kiingilio kwenda kuliona.