Chimbuko la Riwaya za Agatha Christie

Wako wahakiki waihesabuo riwaya ya upelelezi kuwa ni kipumbazo tu, kisicho na mizizi katika maisha. Maisha ya Agatha Christie (1890–1976) yanaikanusha rai hiyo. Alizaliwa Torquay, Uingereza. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914 alijitolea kuuguza majeruhi katika hospitali ya mji huo, kisha akahamia chumba cha dawa. Humo alijifunza kwamba mara nyingi kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo tu. Ujuzi huo ndio uliozaa The Mysterious Affair at Styles (1920): bromidi ikitiwa katika dawa ya maji yenye striknini, sumu hutua chini ya chupa, na dozi ya mwisho huua. Poirot, mpelelezi wake, alichimbuka katika wakimbizi wa Kibelgiji waliohifadhiwa Torquay. Mwaka 1930 aliolewa na mwanaakiolojia Max Mallowan. Uchimbuaji wa magofu nchini Iraki ukazaa Murder in Mesopotamia (1936). Basi, aipimaye fani hii hana budi kuyachunguza pia maisha ya kazi ya mwandishi, si hila za msuko peke yake.