Waraka wa Babu na Simu za Silver Spring

Katika kasha la mbao ambalo marehemu baba alilitoa Pemba, likapita Muscat na hatimaye likatua Silver Spring, Maryland, mna karatasi iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wino wake umegeuka rangi ya kahawia. Ni waraka wa bei khiyari wa shamba la mikarafuu la babu. Binamu zangu walioko Muscat na London wameniomba mara kadhaa nieleze habari zake, nami nimekuwa nikichelewa, kwa kuwa habari yenyewe ni ya deni, na deni katika ukoo wetu halisemwi kwa sauti.

Vijana wetu huenda hawajui bei khiyari ni kitu gani. Mwenye shamba alipohitaji fedha, na riba ni haramu, alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda uliowekwa, shamba lingekuwa lake tena. Muda ukipita, mauzo yalikamilika. Wakati huo wote yeye alibaki palepale kama mpangaji, akilipia kodi ardhi aliyozaliwa juu yake, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Karatasi ilitaja mauzo, ilhali wote wawili walijua kuwa ni rehani.

Zanzibar yote iliendeshwa kwa mkopo. Hata Tippu Tip, kabla ya kuingia bara, alichukua bidhaa kwa Tharia Topan. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na kuipanda upya kulitaka fedha. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa, na mashamba yaliyokuwa yakichumwa na watumwa (babu zetu walikuwa miongoni mwa waliowamiliki, wala si vyema tulifiche hilo) yakahitaji fedha taslimu za ujira. Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1930, madeni yalifikia kiasi cha serikali ya Kiingereza kutoa amri, mwaka 1934, ya kuzuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishiwe mtu asiye wa jamii hizo bila idhini. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi nao wakasusia karafuu, wakipinga amri zilizokipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara hiyo. Siyapendi masimulizi yanayomfanya mkopeshaji wa Kihindi kuwa shetani. Yeye naye mara nyingi alikuwa na tajiri wake aliyemdai.

Tena shamba la babu halikupotea kwa sababu hakulipa. Alilipa. Kwa masimulizi ya baba, alirudisha fedha zote katika misimu mitatu, lakini hakuomba waraka wa mwenzake ufutwe wala hakuchukua maandishi ya malipo. Aliona kufanya hivyo ni kumvunjia heshima mtu aliyekunywa naye kahawa barazani. Mkopeshaji alipofariki, warithi wake wakaja na nakala yao, na muda ulikuwa umekwisha. Babu hakuwa na cha kuonyesha ila neno lake. Naye alikuwa akiisoma kwa moyo ile aya ndefu ya Suratul Baqara inayoamrisha deni liandikwe.

Nayasimulia haya kwa sababu mwaka 2013 nilimwona baba akielekea njia ileile, katika nyumba ya kupanga karibu na Georgia Avenue. Alikuwa ametoka hospitali miezi kadhaa nyuma. Simu zikaanza. Mtu asiyejulikana alidai dola 1,900, akapiga kabla ya alfajiri, akapiga kazini kwa baba, akamweleza msimamizi wake kwamba mzee ana deni. Mwishowe akamtishia jela. Baba, ambaye hakuwahi kukopa hata sukari kwa jirani, alikuja kwangu na bahasha ya noti. “Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa. Wapelekee hizi wanyamaze.”

Nilimwuliza, “Baba, tunamlipa nani?” Hakuwa na jibu.

Nilikaa usiku ule nikasoma. Marekani inayo sheria ya shirikisho ya mwaka 1977, ambayo wanasheria huifupisha kwa herufi FDCPA, nayo humbana hasa wakala anayekusanya deni la mwingine. Haimruhusu kupiga simu kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, isipokuwa mdaiwa mwenyewe amekubali. Haimruhusu kumtangazia bosi habari za deni, wala kutishia kifungo, kwani hapa mtu hafungwi kwa kushindwa kulipa bili ya hospitali. Kubwa kuliko yote, wakala sharti alete taarifa ya maandishi yenye kiasi cha deni na jina la anayedai, na mdaiwa akilipinga kwa maandishi ndani ya siku 30, wakala husimamisha ukusanyaji hadi alete uthibitisho. Neno “kwa maandishi” ndilo lililonitoa machozi.

Nawaonya pia jamaa zangu wenye tabia ya kutupa bahasha bila kuzifungua. Simu ni jambo moja, wito wa mahakama ni jingine. Hapa Maryland, aliyeshtakiwa katika mahakama ya wilaya hupewa kwa kawaida siku 15 tangu kukabidhiwa wito kueleza kuwa atajitetea. Akinyamaza, hukumu hutolewa bila yeye, na mshahara wake waweza kukatwa. Anayepuuza amri ya hakimu ya kufika mbele yake aweza hata kukamatwa, si kwa deni, bali kwa kuidharau mahakama. Na deni la namna hii likipita miaka mitatu bila kushtakiwa, mlango wa mahakama hufungwa. Baba aliposikia hilo alinikemea: mlango wa hakimu ukifungwa, wa Mola haujafungwa. Sikubishana naye.

Tulituma barua kwa rejista, na risiti yake tukaitunza. Baada ya wiki sita ukaja ukurasa mmoja. Bima ilikuwa imekwisha kulipa sehemu kubwa, na lililobaki lilikuwa dola 412, bado mali ya hospitali yenyewe. Wale walikuwa mawakala tu.

Baba alivaa kanzu yake nyeupe na koti, tukaenda pamoja hadi dirisha la malipo la hospitali. Alihesabu noti taratibu, kisha akasimama, akagoma kuondoka hadi binti wa dirishani alipochapisha risiti na kuipiga mhuri. Nyumbani alifungua kasha, akaandika nyuma ya risiti ile, kwa herufi za Kiarabu, “imelipwa” na tarehe, akailaza juu ya waraka wa babu.