Theluji ya Kibo na Usiku wa Kahawa

Picha mbili za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ya zamani yenye barafu tele na ya karibuni yenye mabaki tu, zimezunguka dunia nzima kama kielelezo cha ongezeko la joto. Upungufu wenyewe haubishaniwi: kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu lilitoweka. Ninachobisha ni matumizi ya picha hizo. Anayetaka kuthibitisha mkono wa binadamu Kilimanjaro ameshika ushahidi dhaifu, na ule madhubuti ameuacha mashambani.

Hans Meyer, aliyefika kileleni 1889, alirudi mlimani 1898 na kukuta barafu imekwisha kupungua. Miaka ya 1880 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa imegeuka kavu ghafla, hata maziwa yakashuka kina. Wakati huo kiwango cha kabonidayoksaidi angani kilikuwa bado chini ya sehemu 300 kwa milioni. Leo kimepita 420. Tena, juu kule wastani wa halijoto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Wanasayansi Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy wameonyesha kuwa barafu ile haiyeyuki sana. Sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja chini ya jua kali, huku theluji mpya ya kufidia ikiwa haba. Kinachoiua zaidi ni ukavu. Huenda ukavu huo nao unachochewa na joto la Bahari ya Hindi, ambalo limepanda kwa takriban nyuzi 1 kati ya 1951 na 2015, lakini mnyororo wa hoja unakuwa mrefu, na mnyororo mrefu hukatika mahakamani. Ndivyo ilivyokuwa London mwaka 2007: jaji alipopitia filamu ya Al Gore kuhusu ongezeko la joto, Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa hoja tisa alizozitia kasoro. Wapinga sayansi walishangilia, kana kwamba hoja moja ikianguka zote zimeanguka. Utabiri wa 2002 kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020 nao uliwapa la kusema, maana miaka hiyo imepita na mabaki yangali pale.

Tushuke basi hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani ya kahawa, na twende usiku. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku hulirudisha angani. Kabonidayoksaidi na methani, zitokanazo na makaa ya mawe, mafuta, mifugo na ukataji misitu, huzuia sehemu ya joto hilo lisitoke. Kama jua ndilo lingekuwa limezidi ukali, tungetarajia mchana upate joto zaidi kuliko usiku, na tabaka la stratosifia lipate joto pia. Vipimo vinasema kinyume: sehemu nyingi za dunia nyuzi za chini za usiku zimepanda kwa kasi kuliko za mchana, na stratosifia imepoa.

Mbuni wa arabika unaujua usiku huo. Sukari iliyotengenezwa na majani mchana hutumiwa na mti unapopumua, na usiku ukiwa na joto hutumika nyingi zaidi. Matunda nayo huiva upesi, punje ikiwa haijajaa. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake, wakitumia takwimu za Tanzania, walikadiria kuwa kila nyuzi 1 inayoongezeka katika halijoto ya chini ya usiku hupunguza mavuno kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Kwa mkulima mdogo, ambaye mara nyingi hafikishi hata kilo 500 kwa hekta, hiyo ni ada ya shule ya mtoto.

Si kila kilo iliyopotea ni ya tabianchi. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika 1989 na bei ikaporomoka; chulebuni na kutu ya majani havijaisha; vihamba vimegawanywa hadi vikawa vipande. Hata maji ya mifongo, mifereji ya umwagiliaji, yana hadithi yake, kwa kuwa hutoka hasa kwenye msitu unaonasa mvua na ukungu, wala si kwenye barafu, na msitu huo tunauchoma wenyewe. Mtafiti Andreas Hemp ameonyesha jinsi moto ulivyoshusha mpaka wake wa juu kwa mamia ya mita. Moto wa Oktoba 2020 haukuwashwa na kiwanda cha Ulaya.

Kutenganisha visababishi hivyo kuna faida ya moja kwa moja tangu mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh wa 2022 ulipokubali kuanzisha mfuko wa hasara na madhara. Dai kwa mfuko huo litakalosimama juu ya theluji ya Kibo litapanguliwa kama lilivyopanguliwa London. Dai la kahawa litahitaji kumbukumbu za kipimajoto za kila usiku, zikiwekwa sambamba na mizani ya vyama vya msingi, msimu kwa msimu, baada ya kutoa hesabu ya bei, magonjwa na moto tuliouwasha wenyewe.