Kwa Nini Njia Hukatika Wandegeya

Mtu akiweka mtandao wa barabara za Kampala ndani ya programu ya ramani, kisha akaitaka imwonyeshe njia fupi kutoka Makerere hadi hospitali ya Mulago, anaweza kuletewa mzunguko mrefu usioeleweka. Makerere na Mulago ni vilima viwili vinavyotazamana. Bonde la Katanga lililo kati yake hupitwa kwa miguu kutwa kucha, na pale Wandegeya, hatua chache tu kutoka bondeni, wanafunzi na wauguzi hukutana kwenye meza za chapati. Fundi akiona jibu kama hilo husema data ni mbovu, akaanza kuunga mistari. Huenda ana haki. Lakini nionavyo, sehemu kubwa ya ubovu huo haitokani na uzembe wa aliyechora. Inatokana na mji wenyewe, uliojengwa na serikali mbili zilizokaa jirani bila kupanga pamoja, na fundi asiyejua habari hiyo atafuta kosa moja na kuzaa matatu.

Kwanza ieleweke kompyuta inaona nini. Mwaka 1736 Leonhard Euler, akilishughulikia fumbo la madaraja saba ya Königsberg, aliliacha umbo la mji na kubakiza mambo mawili tu: maeneo, na viungo baina yake. Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni hesabu ya kutafuta njia fupi katika mtandao wa aina hiyo, akaichapisha mwaka 1959, na programu nyingi za leo zinaitegemea hesabu hiyo au zile zilizozaliwa nayo. Humo barabara ni kipande chenye nodi, yaani nukta ya kuungia, mwanzoni na nyingine mwishoni, pamoja na gharama ya kukipita, iwe mita au dakika. Picha iliyo kwenye kioo haihesabiwi. Mistari miwili inayoonekana imegusana inaweza kuwa imeachana kwa sentimita 40, na hizo zinatosha kuikata safari. Ndiyo maana fundi mzoefu huanza kwa kuchagua nodi moja, tuseme ya taa za Wandegeya, akaiamuru programu ipake rangi kila kipande kinachofikika kutoka hapo. Visivyopakwa ni visiwa. Tiba iliyozoeleka ni kuunga kwa mkupuo ncha zote zilizokaribiana kuliko umbali fulani. Akitaja nusu mita, ataponya ncha nyingi. Akitaja mita 10, programu itaweza kuunga kichochoro cha Katanga na barabara ya ndani ya chuo huku ukuta ukiwa katikati, na gari la wagonjwa litaelekezwa kupenya matofali. Wapo pia wanaoweka nodi kila mahali mistari inapopishana. Hao, wakifika Clock Tower penye daraja la juu, huyapindisha magari kutoka darajani hadi barabara iliyo chini yake, bila njia ya kushukia.

Sasa tuitazame historia. Mtandao wa kwanza wa barabara katika nchi hii haukuchorwa na Mwingereza. John Hanning Speke alipofika kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1862 alizikuta barabara pana, na wageni waliomfuata waliandika hivyo hivyo. Zilitoka kwenye ikulu kuelekea kwa wakuu wa masaza, zikapanda vilima bila kuzunguka, na penye kinamasi zikatandikwa magogo na mafunjo. Kazi yake ilikuwa kumleta chifu kwa mfalme na kumrudisha kwake, kwa hiyo hapakuwa na haja kubwa ya kuunga kilima na kilima jirani. Desemba 1890 Frederick Lugard alipiga kambi kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala, na baadaye mji wa serikali ya kikoloni ukahamia Nakasero. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, ardhi ambayo hadi leo huitwa mailo, na wapimaji wakatumwa kuweka mipaka. Walichokipima kilikuwa umiliki. Mapito yaliachwa yajitafutie nafasi.

Ikatokea miji miwili bega kwa bega. Upande wa Nakasero na Kololo ulipata wapangaji wa miji: A. E. Mirams alitoa mpango wake mwaka 1930, na katikati ya miaka ya 1940 Ernst May, msanifu Mjerumani aliyekuwa amehamia Afrika Mashariki, akachora Kololo na Naguru kwa barabara zinazopinda kufuata mteremko na kukutana tena. Upande wa pili ulikuwa Kibuga cha Mengo, chini ya serikali ya Kabaka, ambako mwenye mailo alikodisha vipande vya ardhi yake na mpangaji akajenga palipobaki. Mipaka ya jiji ilipanuliwa na kuimeza Mengo mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya serikali ya Obote kufuta falme. Wandegeya ilikua kwenye mshono wa miji hiyo. Barabara ya Bombo, iliyokwenda kwenye kambi ya askari wa kikoloni wa KAR, ilipita hapo. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 upande mmoja. Chuo cha Makerere mwaka 1922 upande mwingine. Kila taasisi ilijizungushia uzio, ikajenga barabara zake za kuhudumia waliomo ndani, na kutoka nje kwa mageti machache. Kati ya nyua hizo, kwenye ardhi ambayo imegombaniwa mahakamani kwa miaka mingi, Katanga ikajaa nyumba, na njia zikawa ni ile nafasi inayobaki kati ya bati na bati.

Ukiyaweka makosa ya data juu ya historia hiyo, mengi yanajieleza. Geti la chuo kwenye ramani ni nodi tu, lakini mtaani ni mlinzi, ni saa ya kufunga, ni ruhusa anayopewa mwenye gari na kunyimwa mwenye boda boda. Data isiyotaja geti inadai barabara za chuo ni za umma. Data inayozikata getini inadai hazifikiki kabisa. Zote mbili zinakosea. Hospitali nayo ina shida yake. Mtafiti anayepima umbali wa wagonjwa kutoka Kawempe huweka nukta juu ya jengo la Mulago, na programu huishikiza nukta hiyo kwenye mstari ulio karibu zaidi. Mstari huo ukiwa barabara iliyo nyuma ya uzio, hesabu yote ya dakika itafikia ukuta wa nyuma, na jedwali litatoka safi bila onyo lolote. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana njia iliyokatika hujitangaza, lakini iliyoungwa vibaya hutoa majibu yanayopendeza.

Ramani za zamani nazo zina mtego. Zile za Idara ya Upimaji, Entebbe, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, uliojengwa juu ya upimaji wa meridiani ya 30, kazi iliyoanzia kusini mwa Afrika karne ya 19. GPS hutumia msingi mwingine, na tofauti kati ya misingi hiyo hapa Uganda ni takriban mita 300. Anayenakili barabara kutoka karatasi ya zamani bila kuzihamisha ataziondoa taa za Wandegeya kwenye makutano yake. Majina nayo hayakutulia: Kitante Road imekuwa Yusuf Lule Road, na katika miaka ya 2010 mamlaka ya jiji, KCCA, ilianza mradi wa anwani uliopeleka vibao na namba za nyumba mahali ambapo watu walizoea kuelekezana kwa kutaja msikiti, soko au kituo cha mafuta.

Wapo watakaosema naikuza historia kupita kiasi. Dar es Salaam haikuwa na Kabaka wala mailo, na bado wachoraji wa Ramani Huria, walioanza kazi mwaka 2015, walikuta vichochoro visivyo kwenye ramani yoyote. Kweli, na yapo makosa yasiyo na historia hata chembe: mkono uliotetemeka kwenye kipanya, picha ya setilaiti iliyohama kidogo, mipangilio iliyoletwa kutoka nchi zinazoendesha upande wa kulia, inayohesabu kupinda kushoto kuwa ndiko kwenye gharama, wakati Uganda anayepinda kulia ndiye anayesubiri wanaokuja mbele yake. Ila makosa ya mkono hutawanyika ovyo. Yakijipanga kwenye nyuzio na mipaka ya viwanja, kuna sababu nyingine. Dai hili linapimika: anayelitilia shaka achore ncha zote zilizokatika kati ya Nakasero na Bwaise, aone zinakolala.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba historia haina kazi tena kwa kuwa tunao waendesha boda boda. Tangu SafeBoda ianze mwaka 2014 na Uber iingie Kampala mwaka 2016, simu hurekodi njia ambazo madereva wanapita kweli. Kusanya nyayo hizo na mtandao utajichora. Nakubali kwamba nyayo hizo zinashinda makisio ya mchoraji aliye mbali. Lakini zinaeleza kwamba mtu alipita, hazielezi kwa idhini ya nani. Kichochoro cha Katanga kinapitika leo kwa sababu mwenye kibanda hajaongeza chumba; kesho kinaweza kuzibwa bila tangazo. Tena pikipiki ikipita si hoja kwamba gari la wagonjwa litapita, na mama anayekwenda kwa miguu na asiyetumia simu hiyo haachi nyayo yoyote kwenye data.

Ombi langu kwa wanaosafisha data ya Wandegeya, wawe KCCA, wanafunzi wa Makerere au wajitoleaji wa OpenStreetMap, ni kwamba kabla hamjatoa amri ya kuunga ncha zote kwa pamoja, wekeni chini ya data hiyo mpaka wa jiji wa kabla ya 1968, nyuzio za chuo na hospitali, na mipaka ya mailo. Ncha iliyokatika mbali na mistari hiyo, iungeni bila wasiwasi. Iliyokatika juu yake, mtu aende kwa miguu, aulize geti linafungwa saa ngapi na ufunguo anao nani, kisha aandike jibu ndani ya data pamoja na tarehe aliyouliza.